Barua Kutoka Ternate

"Kila mtu na amhesabu mwenziwe kuwa bora kuliko nafsi yake." (Wafilipi 2:3)

Wapendwa, neno hili ni jepesi mdomoni mpaka siku mwenzio atakapokuja na kazi ileile uliyoihangaikia miaka 20.

Februari 1858 Mwingereza mmoja, Alfred Russel Wallace, alikuwa visiwa vya Maluku, Indonesia ya leo, kwenye asili ya karafuu tunazolima Unguja na Pemba, akikusanya ndege na wadudu wa kuuza apate riziki. Homa ikampanda. Katikati ya kutetemeka hoja ikamjia: viumbe huzaliwa wengi kuliko chakula kilichopo, nao hawafanani kwa kila kitu, wenye tofauti inayowafaa ndio husalia na kuzaa, hata aina mpya zikatokea. Homa ilipotulia akaiandika kwa jioni chache, akamtumia kwa barua kutoka kisiwa cha Ternate mwanasayansi Charles Darwin huko Uingereza, akimwomba ampelekee mwanajiolojia Charles Lyell akiona inafaa.

Darwin aliipokea Juni 18. Hoja ilikuwa ileile yake! Alikwisha kuiandika mwaka 1844, kurasa zipatazo 230, akaiweka bila kuichapisha. Barua moja tu, imetoka ng'ambo kwa meli. Ingepotea, nani angejua? Siku hiyohiyo akaipeleka kwa Lyell. Baadaye aliandika kwamba heri achome kitabu chote alichokuwa akikiandika juu ya hoja hiyo kuliko kudhaniwa ametenda kwa roho ya choyo.

Lyell na mtaalamu wa mimea Joseph Hooker, marafiki wa Darwin, wakayapeleka maandishi ya wote wawili Linnean Society, chama cha wataalamu wa viumbe huko London, yakasomwa Julai 1. Darwin hakuwepo; mwanawe mchanga alikuwa amefariki siku 3 kabla. Lakini tuseme kweli: Wallace hakuulizwa, na ya Darwin yalitangulizwa. Barua ya kumpasha Wallace habari ilichukua karibu miezi 3 kumfikia. Nia ya marafiki ilikuwa njema, dosari ikabaki. Hata kwenye kamati zetu za kanisa, jina la asiyekuwepo huandikwa la pili kwa wepesi mno.

Wallace alipopata habari alimwandikia Hooker kumshukuru. Mwaka 1881, Wallace akiwa amepungukiwa, Darwin alihangaika mpaka serikali ikampa pensheni ya pauni 200 kwa mwaka. Mwaka uliofuata Wallace alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza la Darwin katika kanisa la Westminster Abbey, London. Na 1889, alipochapisha kitabu chake juu ya hoja waliyoifikia wote wawili, jalada alilipa jina la mwenzake: Darwinism, yaani fundisho la Darwin.