Usaha wa Tübingen

Mwanzoni mwa kazi yangu ya uuguzi huko Stuttgart, Ujerumani, njia zangu zilikuwa wodini, dukani na kitandani, basi. Dada mmoja wa Tanga tuliyekuwa naye zamu ndiye aliyekuja kunitoa ndani. "Mdogo wangu, utazeekea humu. Jumapili twende Tübingen." Kwa treni ni kama saa moja.

Nilikubali upesi kwa sababu ya Krapf, yule mmisionari Mjerumani. Sisi wa Mombasa tunakua na jina hilo. Kaburi la mkewe Rosine lipo kwetu, upande wa Nyali, yeye na kichanga chake walifariki mwaka 1844. Krapf alizaliwa Derendingen, ambayo siku hizi ni mtaa wa Tübingen, na theolojia aliisomea chuo kikuu cha hapo. Nilitaka tu kuona alikotokea mtu aliyekwenda kuzika familia yake mbali hivyo.

Mji wenyewe ni wa kupanda na kushuka, vichochoro vya mawe, nyumba za mbao zenye mapaa makali zimebanana. Chuo kipo tangu 1477, na wanafunzi wamejaa kila pembe. Pale mto Neckar vijana walikuwa wakipiga pondo kwenye mitumbwi mirefu, abiria wamejinyoosha na bia mkononi. Dada wa Tanga alisimama darajani akawakosoa mmoja mmoja. "Huyo naye! Pondo kalishika kama anafagia uwanja." Kumng'oa pale ilikuwa kazi.

Tukapanda hadi ngomeni, juu kabisa. Nilidhani tutaona viti vya wafalme na mapanga. Tukaingia kwenye chumba cha chini chenye dari la kuba, kilichokuwa jiko la ngome, kisha kikafanywa maabara ya chuo. Humo, mwaka 1869, kijana wa Kiswisi aitwaye Friedrich Miescher aligundua kitu ndani ya kiini cha seli akakiita nuklini. Ndiyo hiyo DNA tunayoisikia leo.

Kilichonigandisha ni namna alivyoipata. Aliitoa kwenye usaha. Alikuwa akiletewa bendeji zilizotumika kutoka hospitali ya upasuaji ya mjini, anazitupa zilizooza, zile mbichi anaziosha kwa maji ya chumvi hadi chembe nyeupe za damu zitoke, kisha anaziyeyusha kwa kimeng'enya cha tumbo la nguruwe mpaka kinabaki kiini. Enzi hizo kuua vijidudu kwenye vidonda kulikuwa hakujaenea, kwa hiyo usaha haukuwa wa kutafuta. Mwalimu wake, Hoppe-Seyler, hakusadiki. Akalirudia jaribio lote mwenyewe, na matokeo yakachapishwa mwaka 1871.

Nilisimama pale nikanusa. Hapakuwa na harufu yoyote, bila shaka, lakini pua ya muuguzi ina kumbukumbu zake. Najua bendeji iliyolala kutwa kwenye kidonda inavyong'ang'ania ngozi, na unavyoilowesha taratibu mgonjwa akiwa ameuma meno. Mtu fulani alizibandua zile bendeji. Mtu mwingine alikuwa amelala na mguu wake unatoa usaha. Maelezo yote ukutani yalimhusu Miescher, na sikuona ajabu, ila nilikuwa upande wa wale wengine.

"Sisi kila asubuhi tunatupa kwenye mfuko," dada akasema, "kumbe watu wanapatia umaarufu."

Derendingen hatukufika. Miguu ilikuwa imekwisha, na zamu yetu ilianza alfajiri.

Siku iliyofuata nilimsimulia mgonjwa wangu mmoja, mzee Mswabia wa maeneo hayohayo, huku namfunga kidonda cha mguu. Waswabia hutaniwa na Wajerumani wenzao kwa ubahili. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, akautazama mguu wake, akaniuliza wale wagonjwa walilipwa kiasi gani.