Jojo ya nikotini na kikombe cha kahawa

Nilivuta sigara kwa miaka 16, na mara mbili nilijaribu kuacha kwa msaada wa jojo ya nikotini. Mara ya kwanza nilishindwa, nikamtangazia kila aliyekuwa tayari kunisikiliza kijiweni Majengo kwamba dawa ile ni njia tu ya kuwauzia watu matumaini. Mara ya pili niliacha, na tangu hapo sijairudia sigara. Jamaa zangu hupenda kusema kwamba safari ya pili nilikuwa nimedhamiria kweli, lakini mimi nakumbuka kwamba dhamira ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni namna nilivyoitumia dawa yenyewe.

Kinachomfunga mvutaji ni nikotini, ila kinachomuua hasa ni moshi, pamoja na lami yake, hewa ya kaboni monoksidi na kemikali zinazosababisha saratani. Jojo, plasta ya kubandika kwenye ngozi na pipi za kumung'unya humpa mtu nikotini bila moshi, tena polepole, ili arosto, yaani mateso ya mwili unaodai nikotini, isimwangushe katika zile wiki za mwanzo anapojizoeza kuimaliza siku bila sigara. Jojo ilibuniwa na mwanakemia Ove Fernö katika kampuni ya AB Leo mjini Helsingborg, Sweden, baada ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Lund, nchini humohumo, kumweleza kwamba mabaharia wa nyambizi, wasioweza kuvuta wakiwa chini ya maji, walikuwa wakijituliza kwa tumbaku ya mdomoni. Sisi wa Dodoma tuna mfano ulio karibu zaidi, nao ni methadoni inayotolewa pale Itega kwa wanaoachana na heroini, kwani huko nako mwili hupewa kitu cha kuutuliza wakati mtu anajitoa katika matumizi yenye madhara makubwa zaidi.

Je, zinasaidia kweli? Mapitio ya mwaka 2018 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yaliyokusanya majaribio 133 yenye washiriki zaidi ya 64,000, yalionyesha kwamba bidhaa hizi huongeza uwezekano wa kuacha kwa asilimia 50 hadi 60. Takwimu hiyo husikika kubwa mpaka uipigie hesabu: ikiwa katika watu 100 wangefanikiwa 10 bila dawa, kwa dawa watafanikiwa 15 au 16, na waliobaki, ambao ndio wengi, watarudi kwenye sigara. Anayetarajia kwamba plasta itamwondolea hamu kama panado inavyoondoa maumivu ya kichwa atavunjika moyo. Kwa upande wangu, watu watano au sita zaidi katika kila 100 si wachache, hasa kwa dawa ambayo madhara yake ya kawaida ni kwikwi, kiungulia na ngozi kuwasha.

Wapo wanaotaja utafiti wa Massachusetts, Marekani, uliochapishwa mwaka 2012, ambao uliwafuatilia watu 787 waliokuwa wameacha karibuni na kukuta kwamba waliotumia bidhaa hizi walirudia kuvuta sawasawa na wasiozitumia. Siupuuzi utafiti huo. Hata hivyo, katika majaribio washiriki hugawanywa kwa bahati nasibu, ilhali mtaani anayeamua kununua jojo mara nyingi ndiye aliyekwisha kushindwa kwa njia nyingine, na mara nyingi huiacha dawa kabla ya muda wake. Mimi mwenyewe nilikuwa mtu wa namna hiyo.

Shemeji yangu aliniletea kasha la jojo za miligramu 2 kutoka Nairobi, nami nikazitafuna kama jojo za watoto, harakaharaka, nikimeza mate. Nikotini inayomezwa huharibiwa kwa sehemu kubwa na ini kabla ya kufika kwenye ubongo, hivyo nilichoambulia ni kiungulia na kwikwi. Inatakiwa utafune taratibu mpaka usikie ladha ya ukali kama pilipili, kisha uibane kati ya shavu na ufizi mpaka ukali upoe, ndipo utafune tena, kwa muda wa nusu saa hivi. Kosa kubwa zaidi lilikuwa kahawa. Nilikuwa nikienda kijiweni kama kawaida, kikombe mkononi na jojo mdomoni, bila kujua kwamba kahawa na soda huongeza asidi mdomoni na kuzuia nikotini isipenye kwenye ufizi. Yafaa kuziacha kuanzia dakika 15 kabla ya kutafuna. Zaidi ya hayo, mwili wa mvutaji huiondoa kafeini haraka kuliko wa asiyevuta, kwa hiyo mtu akiacha sigara kahawa ileile humshika zaidi. Sehemu ya mtetemo niliouita arosto huenda ilikuwa vikombe vyangu vinne.

Mzee mmoja jirani, Mgogo mwenye kikopo cha ugoro asichoachana nacho, aliniambia, "Mwanangu, ubaya uko kwenye moshi, chukua huu." Nilimshukuru, nikakataa kwa heshima. Ugoro nao ni tumbaku, na una viambata vinavyosababisha saratani ambavyo havimo kwenye jojo kwa kiwango kama hicho.

Safari ya pili nilitumia plasta kila siku, na jojo ya miligramu 4 kila hamu ilipopanda, kwani kuziunganisha hivyo hufanya kazi kuliko kutumia moja peke yake, takriban kwa robo zaidi. Niliendelea kwa wiki 12. Kuzipata ndiko kulikonitesa: maduka ya dawa niliyoyapitia hapa mjini hayakuwa nazo, mpaka nikaagiza Dar es Salaam kwa bei ya kumfanya mvutaji wa sigara ya rejareja acheke. Shirika la Afya Duniani liliziingiza bidhaa hizi katika orodha yake ya dawa muhimu tangu mwaka 2009.

Juzi mwenzangu wa ofisini alinifuata akitaka nimwagizie kasha la miligramu 2, kwa kuwa ni nafuu kidogo. Nikamwuliza sigara ya kwanza huvuta saa ngapi.

"Kabla sijashuka kitandani, kaka."

Nikamwambia kwa mtu anayeihitaji sigara mapema hivyo, hizo za miligramu 2 hazitamtosha.