Karatasi ya damu kabla ya kuondoa kibofu

Saratani ya kibofu cha mkojo inapopenya hadi kwenye misuli na mgonjwa akapangiwa kuondolewa kibofu chote, macho ya wengi hukimbilia picha za CT na majibu ya kipimo cha kipande cha nyama kilichokatwa kwenye uvimbe, tena kwa haki, kwa sababu kina cha uvimbe na hali ya tezi za limfu ndivyo vinavyotabiri zaidi mwenendo wa ugonjwa. Mimi huanza na karatasi ya damu, ile ya kawaida isiyo na gharama kubwa.

Hapo hutazama neutrofili na limfosaiti, aina mbili za chembe nyeupe. Neutrofili zikiwa 6.0 na limfosaiti 1.5, uwiano wake ni 4. Tafiti nyingi zimeonyesha kwamba wenye uwiano mkubwa kabla ya upasuaji huu huelekea kuishi muda mfupi kuliko wenzao, ingawa watafiti hawajakubaliana mpaka uwe wapi, na kipimo kisicho na mpaka mmoja hakifai kumnyima mtu upasuaji.

Isitoshe, kibofu chenye uvimbe hupata maambukizi kwa urahisi. Kwa wagonjwa wa Kanda ya Ziwa, ambako saratani hii mara nyingi hufuata kichocho cha miaka mingi, mkojo wenye usaha si jambo geni, na usaha huo peke yake hupandisha neutrofili. Mgonjwa huyohuyo akitibiwa maambukizi anaweza kurudi na 3.6 kwa 1.8, yaani uwiano wa 2, ilhali saratani yake haijapungua hata chembe.

Albumini, protini ya kwenye damu, naipa uzito zaidi. Ikishuka chini ya gramu 35 kwa lita, matatizo baada ya upasuaji huongezeka, na vifo vya siku 90 za mwanzo pia. Lakini hushushwa na uvimbe na maambukizi pamoja na lishe duni, hivyo kumtundikia mgonjwa chupa ya albumini ni kurekebisha namba tu, mtu akabaki vilevile.

Kreatinini, taka ya damu inayoonyesha figo zinavyofanya kazi, nayo isomwe pamoja na picha ya figo. Ikipanda kwa sababu uvimbe umeziba mrija wa figo, mgonjwa huonekana hafai kupewa sisplatini, dawa ya saratani inayohitaji figo zinazofanya kazi vizuri, kabla ya upasuaji. Njia ya mkojo ifunguliwe kwanza, hata kwa mrija unaopitishwa mgongoni hadi kwenye figo, kisha damu ipimwe upya.