Hesabu ya Mali katika Duka la Pangani

Mwanzoni mwa 1985 duka kubwa la mtaani kwetu Pangani lilitoka mikononi mwa familia ya Kihindi iliyolimiliki kwa vizazi vitatu, likachukuliwa na mtu aliyekuwa mpimaji wao wa mchele na sukari tangu ujana wake. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa sekondari mwenye mwandiko unaosomeka, nikaitwa kuandika hesabu ya mali, bidhaa kwa bidhaa, ili muuzaji na mnunuzi wapatane bei pasiwe na manung'uniko baadaye.

Babu yake muuzaji alikuja kutoka Kutch, pwani ya magharibi ya India, kwa jahazi wakati wa Wajerumani. Alichagua mji huu kwa sababu ya mkonge. Miche ya mwanzo iliyoletwa na Richard Hindorf mwaka 1893 ilipandwa Kikogwe, ng'ambo ya mto, na mashamba yalipoenea yakaleta manamba, yaani vibarua wa mkataba, kutoka bara, wakiwemo Wanyamwezi, Waha na Warundi, watu waliofika bila jamaa wala akiba. Mshahara wao ulitoka kipande, kadi ya kuhesabia siku 30 za kazi, kikijaa, na kabla hakijajaa walikula kwa mkopo wa duka lile. Nawasikia wengi wakisema kwamba wenye maduka waliishi kwa jasho la manamba, na si uongo. Lakini nani mwingine mjini alimkopesha mgeni chumvi na blanketi bila rehani?

Tuliianza kazi kwenye rafu za juu, mpimaji akitaja, mimi nikiandika. Zilishuka chimni za taa zilizofungwa kwa majani makavu, mitalimbo, majembe yasiyo na mipini, kaniki iliyopauka kwenye mikunjo, na mawe ya mizani ya ratili ambayo hayakuwa na kazi tena tangu nchi ilipohamia kilo. Vitu vya zamani vilikuwa vingi kuliko vipya, na sababu yake kila aliyekuwapo aliijua. Bei ya mkonge ilianguka katika miaka ya 1960 nyuzi za viwandani zilipoingia sokoni, na wateja wa mashamba ya ng'ambo ya mto wakapungua. Operesheni Maduka ya 1976 ikafunga maduka ya watu binafsi vijijini, yale madogo yaliyokuwa yakichukua bidhaa hapa kwa mali kauli, yaani kulipa baada ya kuuza. Kisha ikaja 1983, mwaka wa kuwasaka wahujumu uchumi, ambapo hata mwenye katoni moja ya sabuni aliogopa kuonekana nayo. Bajeti ya 1984 ilipofungua milango ya kuingiza bidhaa kutoka nje, bidhaa zilianza kurudi, lakini mzee mwenye duka alikuwa amekwisha kuchoka, na watoto wake walikuwa Leicester wakimwita.

Lililotuchelewesha ni daftari la madeni, lenye jalada la kitambaa chekundu, lililoandikwa kwa Kigujarati tupu.

"Bwana, hilo mimi sitalinunua," mpimaji alisema kwa adabu. "Ukiniuzia deni la maiti, nitamdai nani?"

"Sikuuzii," mzee akajibu. "Nataka tulisome pamoja. Wewe ulipima, mimi niliandika."

Akasoma, akitufasiria kwa Kiswahili cha Mrima kilichonyooka kuliko changu. Kila jina la mtu aliyekufa au kurudi kwao bara alilipigia mstari, naye mpimaji akiongeza alichokumbuka: huyu alikuwa mkata mkonge, yule alipotea na mashua. Katikati ya ukurasa mmoja mzee alitaja jina la babu yangu. Lilikuwa deni la bafta ya sanda, iliyochukuliwa usiku aliofariki bibi, na kwetu hapakuwa na mtu aliyewahi kudaiwa. Mzee alinitazama, akapiga mstari kama kwa wengine.

Jioni nilimweleza baba. Asubuhi yake, kabla duka halijafunguliwa, alikuwa mlangoni na fedha mkononi. Nilidhani mzee atazikataa, kwa kuwa deni lilikuwa limekwisha kufutwa. Alizipokea, akazihesabu mbele ya baba, akaandika risiti kwa jina la babu. Dini yake ilikuwa nyingine, lakini alijua vyema uzito wa deni lililobaki shingoni mwa marehemu kwetu sisi Waislamu. Kwa hilo peke yake naishuhudia familia ile kuwa ya waungwana, na sioni haya kulisema mbele ya yeyote.

Bei ya duka ililipwa kwa mafungu. Mzee na mkewe waliondoka kwa basi la Tanga, na mpimaji akaendelea kukopesha watu walewale, katika daftari jipya la Kiswahili ambalo kurasa zake za mwanzo aliniomba nimwandikie mimi.