Kufungasha maktaba ya tarehe ya C++ kwa Debian 12

Mashine zinazochapisha stakabadhi za mizigo kwenye kaunta zetu za River Road, Nairobi, zinatumia Debian 12, toleo la mfumo wa uendeshaji wa Linux. Programu imeandikwa kwa C++17, na tarehe zake zinapangwa na maktaba ya Howard Hinnant iitwayo `date`, ambayo sehemu yake kubwa iliingizwa baadaye kwenye C++20. Debian 12 ilitoka Juni 2023, kabla ya toleo la 3.0.3 nililolihitaji, basi nikajenga kifurushi mwenyewe. Kazi si kubwa. Kinachosumbua ni swali moja: data ya saa za maeneo itatoka wapi?

Maktaba hii ina sehemu mbili. `date.h` ni faili ya kichwa tu, haijengwi. `tz.cpp`, inayojua Nairobi iko saa tatu mbele ya UTC, lazima ijengwe. Ukiiacha CMake, zana ya kuandaa ujenzi, na chaguo-msingi zake utapata vichwa peke yake. Ukiwasha `BUILD_TZ_LIB` bila `USE_SYSTEM_TZ_DB`, maktaba inaunganishwa na libcurl (maktaba ya kupakua vitu mtandaoni), na programu ikianza inakwenda mtandaoni kupakua data ya IANA, shirika linalotunza orodha ya saa za maeneo, na kuiweka kwenye saraka ya mtumiaji. Kwa kaunta yenye intaneti ya kusuasua hilo halifai, na kwa mashine yoyote ya Debian halifai pia: data hiyo tayari ipo `/usr/share/zoneinfo` na inasasishwa na apt, kisakinishi cha Debian. Hivyo `debian/rules` yangu, faili ya maelekezo ya ujenzi, ina hivi:

```
override_dh_auto_configure:
	dh_auto_configure -- -DBUILD_TZ_LIB=ON \
	  -DUSE_SYSTEM_TZ_DB=ON -DBUILD_SHARED_LIBS=ON \
	  -DENABLE_DATE_TESTING=ON

override_dh_auto_test:
	dh_auto_build -- testit
```

Mistari ya ndani inaanza na tabo, si nafasi. Kipande cha pili kinahitajika kwa sababu programu za majaribio hazimo kwenye ujenzi wa kawaida; ukimwachia debhelper (zana za Debian za kujenga vifurushi) aendeshe majaribio moja kwa moja, atakuta programu hizo hazipo na majaribio yataanguka. Usishtuke pia ukiona makosa ya mkusanyaji yakimwagika kwenye skrini wakati wa majaribio. Mengi ya majaribio hayo yameandikwa makusudi ili yasikubali kujengwa, na kukataa kwao ndiko kufaulu.

Kwenye `debian/control`, faili inayoorodhesha vifurushi vinavyohitajika, niliweka `debhelper-compat (= 13)`, `cmake` na `tzdata`, yaani kifurushi chenye data ya saa za maeneo. Hiyo ya mwisho watu huiacha kwa kuwa mazingira safi ya Debian 12 huja nayo. Debian 13 haiji nayo, na siku utakapojenga huko majaribio yatagoma kwa ujumbe huu: `discover_tz_dir failed to find zoneinfo`. Iandike tangu sasa. Iandike pia kwenye `Depends` ya kifurushi cha maktaba, kwa mkono. `dh_shlibdeps`, zana inayojaza `Depends` yenyewe, huona maktaba zilizounganishwa tu. `tzdata` ni mafaili ya data, kwa hiyo zana hiyo haina namna ya kuigundua.

Vifurushi vinavyotoka ni viwili: `libdate-tz3`, jina linalofuata soname, yaani jina la ndani la maktaba lenye namba yake (ihakiki kwa `objdump -p`, usikisie), na `libdate-tz-dev` yenye vichwa, faili za CMake na kile kiungo cha `.so` kisicho na namba. Toleo nililiita `3.0.3-1~nbi12+1`. Alama ya `~` hulishusha chini ya `3.0.3-1`, ili kifurushi rasmi kikija kichukue nafasi yake bila ugomvi. Faili ya symbols, inayoorodhesha kila jina linalotolewa na maktaba, sikuiandika. Orodha ya majina ya C++ yaliyosokotwa inaweza kubadilika mkusanyaji anapobadilika, na kwa kifurushi cha ndani faili ya shlibs, inayotaja maktaba nzima tu, inatosha kabisa.

Majaribio ya mwandishi wa maktaba hayagusi mambo yetu, kwa hiyo niliongeza yangu chini ya `debian/tests`. La kwanza ni tarehe 12 Desemba 1963, saa 00:00 za `Africa/Nairobi`. Lazima itoe 1963-12-11 21:00 UTC, na `%A` (jina la siku) chini ya `sw_KE` (Kiswahili cha Kenya) itoe Alhamisi. Hapa unahitaji `locales-all`. Bila hiyo `std::locale("sw_KE")` inatupa kosa la `name not valid` na programu inakufa hapo hapo. La pili ni tarehe ya mwaka 1940, ambayo lazima itoe +02:45, kwani Nairobi ilitumia saa hizo kuanzia 1937 hadi mwisho wa Julai 1942. Likitoa +03:00, kuna mtu aliyeandika saa tatu kwa mkono badala ya kusoma data.

Dar es Salaam niliiacha nje ya majaribio ya miaka ya zamani. Data ya IANA ikijengwa kwa kawaida, `Africa/Dar_es_Salaam` ni kiungo tu cha Nairobi, na mwaka 1955 utapata +03:00. Debian huijenga pamoja na faili ya `backzone`, inayoipa Dar historia yake, na mwaka huohuo unatoa +02:45. Jaribio la aina hiyo lingepima jinsi mfumo ulivyofungasha `tzdata`, si maktaba.

Mwenzangu wa kaunta aliomba stakabadhi iseme saa moja asubuhi badala ya 07:00. Hakuna alama ya `strftime`, kipangaji cha tarehe cha C, inayofanya hivyo, na sikutaka kuitia kiraka maktaba nzima kwa ajili ya hesabu ya mstari mmoja: `(h + 5) % 12 + 1`. Hiyo inakaa kwenye programu. Kiraka ndani ya kifurushi utakibeba kila toleo jipya likitoka.

Ujenzi wenyewe ni `sbuild -d bookworm` (bookworm ni jina la Debian 12), kisha `lintian -i`, mkaguzi wa vifurushi, juu ya faili ya `.changes`, kisha reprepro kuingiza kwenye hazina ya ndani.

Baada ya hapo `tzdata` mpya ikija huhitaji kujenga tena chochote. Lakini programu husoma data hiyo mara moja na kuishika kwenye kumbukumbu, na `needrestart`, zana inayotaja huduma zinazohitaji kuanzishwa upya, haitakuonya, kwa kuwa hutazama maktaba zilizobadilika na si data. Kwa hiyo nimeweka kichochezi cha dpkg kwenye `/usr/share/zoneinfo`, ndani ya kifurushi cha programu ya kaunta, kinachoanzisha huduma upya kila `tzdata` inaposasishwa.