Kiatu chekundu chini ya benchi

Ni Jumapili jioni. Upepo wa Dodoma umeanza tena, vumbi limeingia mpaka kwenye kurasa za Biblia niliyoiacha wazi mezani. Nimerudi sasa hivi kutoka Nkuhungu kumwona mama mmoja. Jambo hili nimekaa nalo wiki tatu nikishindwa kuliandika, kwa sababu mwenye kosa ni mimi.

Ulikuwa mkesha wa Ijumaa. Kanisa letu ni la bati, dari bado, na sauti ikipanda inapiga juu na kuturudia mara mbili. Kwenye saa saba za usiku tulikuwa katika maombezi, mpiga kinanda akibembeleza taratibu, kiongozi wa ibada akanipa maiki niombee familia. Nilianza kwa Kiswahili, vizuri tu. Kisha nikazama. Nikaanza kunena kwa lugha, yale maneno ya kiroho ambayo hata anayeyasema hayaelewi pasipo wa kuyafasiri, maiki ikiwa mkononi, na sikuirudisha. Kijana wa mitambo akaongeza sauti. Wenzangu nao wakaingia, huyu analia, huyu anakemea, huyu anatabiri, wote kwa pamoja. Tulikwenda hivyo muda mrefu. Furaha niliyokuwa nayo ilikuwa ya kweli, siikani hata leo.

Nilipofumbua macho nikatazama benchi la mwisho, lile la karibu na mlango. Mwanzo wa mkesha pale alikaa mama mgeni, kajitanda kanga nyeusi, mtoto kamlaza mapajani. Hakuwepo. Chini ya benchi kilikuwa kimebaki kiatu kimoja cha mtoto, cha plastiki, chekundu, kisigino kimelika upande.

Alfajiri tulipokuwa tunakunja mikeka, mzee mmoja wa kanisa alinisogelea. Ni mtu wa maneno machache. Hakunikemea. Aliniuliza tu, "Mwanangu, yale ya usiku, nani alikuwa anatufasiria?"

Nilikwenda nyumbani nikiwa na hasira, lazima niseme ukweli. Nikajitetea moyoni kwa lile neno tunalolipenda sote, "Msimzimishe Roho." Nikafungua Wathesalonike ili nijihakikishie, nikakuta sentensi haikomei pale tunapoikatia. Inaendelea: msitweze unabii, jaribuni mambo yote, lishikeni lililo jema. Kumbe hata moto unaotakiwa usizimwe, unatakiwa pia upimwe.

Kutoka hapo nikahamia Wakorintho wa kwanza, sura ya kumi na mbili mpaka ya kumi na nne, nikazisoma kila usiku kwa wiki nzima. Paulo aliwajua watu wale. Alikaa kwao mwaka mmoja na miezi sita, akiwa fundi wa mahema pamoja na Akila na Prisila. Barua aliwaandikia akiwa Efeso, na wala hakuwaambia kwamba karama zao ni za uongo. Anasema yeye mwenyewe ananena kwa lugha kuliko wao wote! Halafu anasema kanisani angependa kunena maneno matano kwa akili zake awafundishe wengine, kuliko maneno elfu kumi kwa lugha. Matano kwa elfu kumi. Nilijaribu kuhesabu mimi nilitoa mangapi usiku ule.

Tena ameweka mpaka unaoshikika kabisa. Wanene wawili au watatu, si zaidi, zamu kwa zamu, na mmoja afasiri. Asipokuwepo wa kufasiri, mtu anyamaze katika kanisa, aseme na nafsi yake tena na Mungu. Sikuwa nimewahi kukiona kile kipande cha mwisho. Hajanyang'anywa kitu huyo mtu. Mungu bado anamsikia pale pale kwenye kiti chake. Kilichoondolewa ni maiki tu.

Na manabii vilevile, wawili au watatu, wengine wapambanue. Aliyeketi akifunuliwa neno, yule wa kwanza anyamaze. Hapa nilisimama sana. Mimi siku zote nimesema, "Roho akinishukia siwezi kujizuia." Paulo anajibu kwamba roho za manabii huwatii manabii. Basi ningeweza kujizuia. Ningeweza kabisa.

(Najua mistari inayofuata, ya wanawake kunyamaza, na najua jinsi inavyotumika kutuziba midomo. Lakini katika sura ya kumi na moja ya barua hiyohiyo wanawake wanaomba na kuhutubu, na Paulo anazungumzia kichwa kufunikwa, hawakatazi kuomba. Nitaandika habari hiyo siku yake. Leo ninachoona ni kwamba neno "anyamaze" limewagusa kwanza mwenye lugha na nabii.)

Kuna wanaodhani utaratibu ni ubaridi. Mama yangu alilelewa katika Anglikana, katika Dayosisi ya Central Tanganyika iliyoanzishwa 1927, kitabu cha sala mkononi, na mimi nilipohamia kwa walokole nilimwona kama mtu anayesoma dua badala ya kuomba. Leo nakumbuka kwamba kila "Amina" ya mama yangu ilikuwa ya kitu alichokielewa. Paulo ameliuliza hilohilo: ukibariki kwa roho tu, yule asiyejua usemalo ataitikiaje "Amina"?

Wala kelele peke yake si machafuko. Sisi tuliokulia Ugogoni tumeona muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo. Akina mama wamesimama na ngoma zao kati ya miguu, vumbi linapaa, mlio unaingia mpaka kifuani, na hakuna atakayekwambia pale pamepoa. Bibi yangu alikuwa mpigaji. Nilipokuwa mdogo aliniachia ngoma, nikaipiga kwa nguvu zangu zote. Akaushika mkono wangu kwa kiganja chake kikavu, akasema, "Kwanza msikie mwenzio." Alinishika hivyo mpaka nikamsikia mama wa pembeni, kisha ndipo akaniachia.

Na lile neno la sura ya kumi na tatu, kwamba anenaye kwa lugha bila upendo ni "upatu uvumao". Kwetu akina mama upatu siku hizi ni mchezo wa fedha, tunachanga kila wiki na kila mmoja anapokea siku yake. Anayetaka kupokea wiki zote anavunja mchezo, hata kama anazihitaji kweli. Upatu wa Paulo ni ule wa shaba, wa kugongwa, lakini mimi nikisoma siwezi kuutenganisha na daftari letu la majina na zamu.

Namba ya simu yule mama aliiandika mlangoni alipoingia. Ilinichukua muda kupata ujasiri wa kupiga. Leo baada ya ibada nilikwenda, kiatu nimekifunga kwenye mfuko wa kitambaa.

Alinikaribisha uani, akanitolea kigoda. Mume wake amefariki mwezi wa nne. Alikuja mkeshani, anasema, kwa sababu nyumbani usiku umekuwa mrefu, akasikia kwetu watu hawalali. Alitaka aombewe. Alisubiri jina la marehemu liulizwe, halikuulizwa, mtoto akashtushwa na spika, akaondoka kwa miguu saa nane za usiku.

Kisha akaniuliza, bila ubaya wowote usoni, "Dada, usiku ule mlikuwa mnamwambia Mungu nini?"

Nikamjibu kwamba sijui. Nikamwomba msamaha.

Nilimuuliza jina la mume wake na majina ya watoto. Tukaomba kwa Kiswahili, polepole. Nilitaja jina moja, nikatua, akaitika "Amina." Nikataja la pili. Nilipofika kwa marehemu aliitika kabla sijamaliza, akashika upindo wa kanga yangu, hakuuachia mpaka mwisho.

Tulipofumbua macho, mtoto alikuwa ameshafungua mfuko. Kiatu amekivaa mguu usio wake, anakimbia nacho kuzunguka ndoo za maji.