Wimbo wa Idi, wiki ya sita: hatimaye nimeukamata mwezi

Imekubali jamani!! Leo Ramadhani 24, saa kumi jioni, jirani yangu hapa Kibokoni, Mombasa, yuko barazani anapiga unga wa kaimati kwa mkono, simu kaiegemeza kwa sufuria, na inayolia ni sauti yangu. Huyu ni mama ambaye ukimwekea kinanda Ramadhani anakugongea ukuta. Nilisimama pale mlangoni kama nimepigiliwa misumari.

Kwa wale wapya, mwaka jana wimbo wangu wa Idi niliutoa asubuhi ya Idi yenyewe nikidhani siku ndo siku. Makosa makubwa. Watu wanachagua wimbo usiku wa mwezi kuandama, wakati mama anapiga pasi kanzu za watoto na status zinaanza kumiminika, kufika asubuhi kila mtu ashaweka wake. Halafu kava ilikuwa imerudishwa mara moja sababu niliandika jina langu la Instagram kwenye picha, basi platifomu zingine wimbo uliingia jioni watoto washapanda bembea uwanja wa Makadara na hela za mkono wa Idi zimekwisha. Mwaka mzima haukugusa streami 1,000, na Spotify tangu 2024 wimbo usiofika 1,000 ndani ya miezi 12 haulipwi kitu. Niliumia, nisiwadanganye.

Sasa shida iliyonila wiki zote hizi ni tarehe. Distribyuta, yaani kampuni inayonipandishia nyimbo Spotify na kwingine, anataka tarehe, na mimi sina, mwezi unaweza kuwa 29 unaweza kuwa 30, kuna wanaosubiri Kadhi Mkuu atangaze na kuna wanaofuata Saudia, nyumba moja hapa inaweza kuwa na Idi mbili. Spotify nao wanataka uwapelekee wimbo angalau siku 7 kabla haujatoka, la sivyo huna uhakika wa kuingia hata kwenye Release Radar, ile orodha ya nyimbo mpya wanayopata wanaokufuata. Ukiweka tarehe ya mapema na ikawa bado watu wanafunga, unaimba Idi imefika na watu wana njaa. Ukiweka ya nyuma yanakuwa yale yale ya mwaka jana. Usiku mmoja nilibadilisha tarehe mara nne mpaka daku ikanikuta bado nimekodoa kalenda.

Aliyenitoa hapo ni mama huyu huyu. Nilimsikilizisha demo, akatikisa kichwa, akasema, "Mwanangu, sauti nzuri, lakini hicho kinanda kinisubirie mwezi uandame."

Nikaganda. Kumbe ni nyimbo mbili! Moja sauti na dufu tu, ya kumi la mwisho, hiyo hata mwenye kujichunga na muziki anaisikiliza. Nyingine yenye kinanda na besi, nikaipanga Ramadhani 29, na 29 haina ubishi, mwezi ukiandama jioni ile sawa, usipoandama wimbo unangoja usiku mmoja pamoja na watu wake. Spotify unapeleka wimbo mmoja kwa wakati, basi ya dufu ilitangulia, ilipotoka Ramadhani 20 nikaingiza ya kinanda siku ile ile, zimebaki siku 9. Imebana lakini imepita.

Kuhusu vifaa, kama unarekodi Mji wa Kale achana na maiki ya kondensa, inachota kila kitu, tuktuk, muuza kahawa na vikombe vyake, paka. Maiki ya kawaida ya SM58 na blanketi mbili ukutani zimenitosha. Na ile programu ya kunyoosha sauti nimeizima kabisa, niliiweka ngazi ya D maina ikawa kila nikipanda F shapu inanivuta chini kwenye F, hijazi yote, ile mahadhi ya Kiarabu, ikafa, nikawa nasikika kama naimba tangazo la sabuni. Bora sauti itetemeke kidogo ladha ibaki.

Na nawaomba sana wenzangu, msitaje mwaka ndani ya wimbo wala kwenye kava. Wimbo wa sikukuu unarudi. Ule wa Krismasi Mariah Carey aliutoa 1994, ukaja kufika nambari moja ya Billboard Hot 100, chati ya nyimbo ya Marekani, Desemba 2019. Sisi tuna Idi mbili kila mwaka, na zinarudi nyuma kama siku 11, mpaka 2030 Ramadhani itaingia Januari na tena Desemba. Ndo maana kiitikio changu hakitaji kufunga popote, neno saumu liko ubeti wa kwanza peke yake.

Nilikuwa nimepanga wiki hii nishuti video kule ufukweni Mama Ngina. Nimeiacha. Sababu nikibadilisha ule ubeti mmoja tu, nikaweka mahujaji na kuchinja, nina wimbo wa Idi kubwa tayari, na hapo nataka zumari badala ya kinanda. Nishampigia mpiga zumari mmoja wa Likoni, anavuka na feri kesho baada ya tarawehe. Blanketi sijazishusha.